SOMO LA FAMILIA: Majina Yanayoishia na -ELI na -YA

Mafungu ya kusoma nyumbani: Danieli 1:1-7, 2 Wafalme 24:8-17 na 25:27-30, Luka 1:57-66.



Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja wa kanisa letu. Mwanawe yuko darasa la saba na anajiandaa kwa mtihani wa PLE. Cheti cha ubatizo alichokuja nacho kutoka Kongo kinasema Jérémie. Karatasi ya familia inasema Jeremie, bila alama zile za Kifaransa. Mwalimu wake shuleni amemwandika Jeremiah, kama Waingereza waandikavyo. Nasi kanisani tunamwita Yeremia. Mama akauliza mbele ya wazee, "Mwanangu ana majina manne? Na wakiniuliza lipi ni la kweli, nijibu nini?"

Wengine walicheka, lakini mama hakuwa anacheka. Mtu aliyekimbia na kuacha shamba, nyumba na makaburi ya wazazi, jina ni mojawapo ya vitu vichache alivyovuka navyo mpaka. Tena jina likitofautiana katika karatasi, mtoto anaweza kupata shida siku ya kuchukua matokeo yake. Kwa hiyo swali lake linastahili jibu zuri. Tuanze na mwisho wa jina lenyewe, maana hapo ndipo siri ilipo.

1. MWISHO "-ELI"

Walimu wa lugha huita kipande kinachowekwa mwishoni mwa neno kiambishi tamati. Sisi tuseme tu "mwisho wa jina".

Tazameni majina haya: Danieli, Samweli, Ezekieli, Yoeli, Mikaeli, Gabrieli, Ishmaeli, Israeli, Imanueli. Yote yanaishia na -eli. Kwa Kiebrania mwisho huo ni El, maana yake Mungu. Ile "i" ya mwisho tumeiongeza sisi, kwa sababu Kiswahili hupenda neno liishie na irabu. Mwingereza na Mfaransa husema Daniel, sisi tukasema Danieli.

Danieli maana yake ni Mungu ndiye mwamuzi wangu. Ezekieli ni Mungu hutia nguvu. Mikaeli ni swali: Ni nani aliye kama Mungu? Imanueli ni Mungu pamoja nasi. Hata majina ya mahali yamo: Betheli ni nyumba ya Mungu, na Penieli ni uso wa Mungu.

Jina la Ishmaeli linatugusa kwa namna ya pekee. Hajiri, mamaye, alikuwa mwanamke mgeni aliyekimbia mateso, akakaa peke yake jangwani penye chemchemi (Mwanzo 16). Hapo ndipo alipoambiwa jina la mtoto: Ishmaeli, yaani Mungu asikia. Jina hilo lilitolewa njiani, kwa mkimbizi.

Neno El halikuwa la Waebrania peke yao. Watu wa lugha nyingi za jamii hiyo walikuwa nalo. Huko Ebla, nchini Siria, wachimbuaji walipata vibao vya udongo miaka ya 1974 na 1975. Vina umri wa zaidi ya miaka 4,000, na ndani yake yamo majina ya watu yanayoishia na -il. Watu wa Babeli walisema ilu, na jina la mji wao lilisomwa Bab-ili, mlango wa mungu. Na majirani zetu Waislamu, Wanubi wa Arua na wengineo, wanao Ismail, Jibril na Mikail. Mwisho wao wa -il ni ule ule wa -eli yetu. Ukimwita jirani yako Ismail na mwanao Ishmaeli, umetamka jina moja.

2. MWISHO "-YA"

Sasa tazameni kundi la pili: Isaya, Yeremia, Zakaria, Nehemia, Obadia, Hanania, Azaria, Eliya. Mwisho wake kwa Kiebrania ni Yah, au kwa urefu Yahu. Hicho ni kifupi cha lile jina takatifu ambalo Biblia yetu huliandika BWANA kwa herufi kubwa. Ndicho kilicho mwishoni mwa neno tunaloliimba kila Jumapili, Haleluya, yaani Msifuni Bwana.

Isaya ni Bwana ni wokovu. Zakaria ni Bwana amekumbuka. Nehemia ni Bwana amefariji. Obadia ni mtumishi wa Bwana. Na Eliya anazo sehemu zote mbili: Eli, Mungu wangu, na Ya, ni Bwana. Ukigeuza sehemu hizo, Ya ikatangulia na El ikafuata, unapata Yoeli.

Kwa maana jambo hili la kugeuza ni la kawaida. Hanania na Yohana wameundwa kwa maneno yale yale: Bwana amekuwa na neema. Katika Hanania jina la Bwana liko mwisho. Katika Yohana liko mwanzo. Elnatani na Natanaeli vivyo hivyo: Mungu ametoa.

3. SAFARI YA MWISHO HUO KATIKA LUGHA

Hapa ndipo tunapopata jibu la kwanza la yule mama.

Maandiko ya Kiebrania yalipotafsiriwa kwa Kiyunani, watafsiri walikuta kwamba majina mengi ya wanaume wa Kiyunani huishia na "s". Basi -ya ikawa -ias: Eliya akaitwa Elias, Yeremia akaitwa Ieremias. Kilatini kikafuata njia hiyo. Wafaransa wakaondoa ile "s", wakasema Élie, Jérémie, Isaïe, Zacharie. Waingereza katika Biblia yao wakarudi karibu na Kiebrania: Elijah, Jeremiah, Isaiah, Zechariah. Kiswahili kikasema Eliya, Yeremia, Isaya, Zakaria.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kongo, nchi inayoandika kwa Kifaransa, akavuka kuja Uganda, nchi inayoandika kwa Kiingereza, huvuka mipaka miwili: wa nchi na wa tahajia. Lakini jina halikubadilika. Jérémie, Jeremiah na Yeremia ni jina moja lililovaa mavazi matatu.

4. JINA HILO HILO KATIKA LUGHA ZETU

Ndugu, tusidhani kwamba kuweka jina la Mungu ndani ya jina la mtoto ni desturi ya Wayahudi tu. Tuwatazame majirani zetu na sisi wenyewe.

Katika Kilugbara kuna Mungufeni, yaani Mungu ametoa. Hilo ni Natanaeli kabisa! Kuna Munguci, Mungu yupo. Kwa Waalur kuna Munguriek, Mungu ni mwenye hekima. Neno Mungu lenyewe ni la Kiswahili, lakini limepata makao katika lugha hizo mpaka watoto wanaitwa kwalo.

Kwa ndugu wa Rwanda na Burundi, Imana hukaa mwisho wa jina, kama -eli ikaavyo. Habimana ni Mungu yupo, sawa na Munguci. Hakizimana ni Mungu ndiye aokoaye, karibu sana na Isaya. Na sisi Wakongo tuna Dieudonné, Mungu ametoa, kwa Kifaransa. Basi Natanaeli, Elnatani, Mungufeni na Dieudonné wanaweza kukaa benchi moja kanisani na wote wanne wakawa na jina moja.

5. TAHADHARI

Si kila jina lenye sauti ya -eli lina Mungu ndani yake. Raheli maana yake ni kondoo jike. Yaeli ni mbuzi wa mwituni. Yezebeli naye sauti yake isikudanganye. Kadhalika -ia ya Lidia si Yah. Lidia ni jina la nchi katika Asia Ndogo ya zamani. Sofia ni neno la Kiyunani, maana yake hekima. Hayo bado ni majina mema (isipokuwa hatujasikia mtu akimwita bintiye Yezebeli!), ila tusiwafundishe watoto jambo lisilo kweli.

Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi. Jina zuri si wokovu. Mfalme Sedekia jina lake lilisema Bwana ni haki yangu, lakini 2 Wafalme 24:19 yasema alifanya maovu. Mwisho wa jina ni ushuhuda wa mzazi. Mtoto mwenyewe atachagua kuuishi au kuuacha.

6. WENYE KALAMU NA WALIOHAMISHWA

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Watu wa Mungu walipohamishwa, majina yao yalipata nini?

Danieli 1 inataja vijana wanne waliopelekwa Babeli: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Hesabuni: wawili wana -eli, wawili wana -ya. Mkuu wa matowashi akawapa majina mapya: Belteshaza, Shadraka, Meshaki na Abednego. Miisho yote minne ikaondolewa. Kuhusu Belteshaza, mfalme mwenyewe anasema katika Danieli 4:8 kwamba lilifuata jina la mungu wake.

Kabla ya hapo Farao Neko alikuwa amemchukua Eliakimu akamwita Yehoyakimu (2 Wafalme 23:34). Angalieni vizuri: aliondoa El akaweka Yeho. Maana ilibaki ile ile, kwamba Mungu atasimamisha. Farao alitaka tu ionekane kalamu iko mkononi mwa nani. Nebukadneza naye alimchukua Matania akamwita Sedekia.

Lakini mtu aliyepata majina mengi kuliko wote ni mfalme kijana aliyehamishwa mwaka 597 kabla ya Kristo. Biblia humwita Yehoyakini. Yeremia 24:1 humwita Yekonia, maneno yale yale yaliyogeuzwa. Yeremia 22:24 humwita Konia tu, kama sisi tunavyofupisha majina nyumbani. Mtu mmoja, majina matatu, ndani ya Biblia hiyo hiyo.

Kuna na la nne. Wachimbuaji wa Kijerumani walipata vibao vya udongo katika magofu ya Babeli, vikatolewa kwa wasomaji mwaka 1939. Ni orodha za mgao! Zinaonyesha mafuta yaliyotolewa kwa watu waliokuwa wakilishwa na mfalme, na kimoja ni cha mwaka 592 kabla ya Kristo. Humo yumo mfalme wa Yuda pamoja na wanawe watano. Karani wa Babeli aliliandika jina kama alivyolisikia: Yaukinu.

Wapendwa, sisi tunaopanga mstari siku ya mgao tunaielewa picha hii bila mhubiri. Mfalme wa ukoo wa Daudi yumo katika orodha ya mafuta, na jina lake limeandikwa vibaya. Je, Mungu alimpoteza kwa sababu ya tahajia? Hapana. Soma 2 Wafalme 25:27-30 uone jinsi kichwa chake kilivyoinuliwa, na Mathayo 1:12 uone kwamba Yekonia yumo katika ukoo wa Yesu Kristo.

Watu wa kawaida nao waliandikwa. Katika nchi ya Babeli palikuwa na makazi yaliyoitwa Al-Yahudu, mji wa Yuda, kwa jina la nyumbani kwa waliohamishwa. Vibao vya huko vinaanzia mwaka 572 kabla ya Kristo. Katika maandishi ya kibabeli ya nyakati hizo na baadaye, makarani mara nyingi waliandika mwisho wa -ya kama -yama, kwa desturi ya maandishi yao. Hanania akawa Hananiyama. Hata hivyo sisi leo, baada ya miaka 2,500, tukiuona mwisho huo tunasema mara moja: huyu alikuwa Myahudi. Baba na mama waliendelea kuwapa watoto wao jina la Bwana, mbali na Yerusalemu, kizazi baada ya kizazi.

Na wengine walikuwa kwenye mto wetu. Maji yanayopita Rhino Camp huteremka hadi Aswan, kusini mwa Misri. Hapo kuna kisiwa kiitwacho Elefantine, ambapo Wayahudi waliishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Walikuwa wakiandika Kiaramu, si Kiebrania. Hekalu lao dogo lilibomolewa mwaka 410 kabla ya Kristo, na mwaka 407 wakamwandikia barua mtawala wa Yuda wakiomba msaada lijengwe tena. Kiongozi wao aliitwa Yedania. Lugha ilikuwa imebadilika, lakini mwisho wa jina ulikuwa bado pale pale.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwaambie watoto maana ya majina yao. Mtoto anayeitwa Zakaria ajue kwamba kila akiitwa, anaambiwa Bwana amekumbuka. Mtoto wa Kilugbara, wa Kikakwa au wa Kialur naye aelezwe maana ya jina la kwao, maana hilo pia lilitolewa na wazazi wenye sababu.

Pili, tusione aibu wala hofu mtu akituandika au kututamka kwa lugha yake. Wale vijana watatu waliingia katika tanuru wakiitwa Shadraka, Meshaki na Abednego (Danieli 3). Mungu wa Hanania, Mishaeli na Azaria aliwajua walipokuwa ndani ya moto.

Tatu, imani isitufanye wazembe wa karatasi. Zakaria, baba wa Yohana, jamaa walipobishana juu ya jina la mtoto, aliomba kibao akaandika mwenyewe (Luka 1:63). Nasi tufanye hivi:

a) Chagueni tahajia moja kwa kila mtoto, ikiwezekana ile iliyoko katika karatasi yenu ya usajili.

b) Kabla shule haijapeleka majina ya mtihani, mpelekeeni mwalimu karatasi hiyo, mwangalie pamoja herufi kwa herufi.

c) Mnapoandikishwa mahali popote, mwende na jina limeandikwa kwa herufi kubwa, kisha mwombe karani kwa upole awasomee alichoandika.

d) Mkikuta tofauti, ombeni masahihisho mapema. Msingoje siku ya matokeo.

e) Vyeti vya zamani vya Kongo au Sudan Kusini msivitupe kwa sababu tahajia ni tofauti. Vitunzeni mahali pakavu. Vinaweza kusaidia kuonyesha kwamba ni mtu yule yule.

Yule mama alikwenda shuleni siku ya Jumatatu na karatasi yake. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, na jina la kijana likaandikwa kama lilivyo katika karatasi ya familia: Jeremie. Kanisani tutaendelea kumwita Yeremia. Mama alipotuletea habari alisema, "Sasa nikiulizwa, najua la kujibu. Jina ni moja. Lugha ndizo nyingi."

MASWALI YA KUJADILI JIONI

1. Jina lako lina maana gani, na nani alikupa? Kama wazazi wako wapo, waulize leo.
2. Katika nyumba yenu, nani ana jina la Mungu mwanzoni au mwishoni mwa jina lake, kwa lugha yoyote?
3. Kwa nini kitabu cha Danieli kinaendelea kumwita Danieli hata baada ya kupewa jina la Belteshaza?
4. Je, karatasi zote za watoto zina tahajia moja? Kama sivyo, nani ataanza kushughulikia wiki hii?

Bwana awakumbuke kama alivyomkumbuka Zakaria, na awafariji kama lisemavyo jina la Nehemia. Amina.